Starehe za Senti Chache

Ndugu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mnaokalia madawati yetu hivi leo:

Kila tunapokutana sisi wazee wa shule hii, mazungumzo huanza na walimu, yakapitia mitihani, na kabla chai haijapoa yamekwisha kufika kwenye mpira, sinema na mihogo ya kukaanga. Nimehudhuria mikutano yetu kwa miaka kadhaa sasa, na sijamwona hata mmoja aliyesimama kutusimulia kanuni ya Archimedes. Lakini mtu akitaja banda la video, ukumbi mzima huamka.

Pamoja na hayo, historia ya shule yetu imekuwa ikiandikwa katika kurasa hizi kwa majengo, kwa majina ya wakuu wa shule na kwa matokeo ya mitihani. Hayo ni ya lazima, wala siyabezi. Mimi mwenyewe ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni kuandika taarifa za aina hiyo. Lakini nilisoma historia Mlimani, na huko tulifundishwa kwamba maisha ya watu hayakuwa kazi tu. Mtu alilima, akalipa kodi, kisha akaketi. Alipoketi alifanya nini? Kwa senti ngapi? Na pamoja na nani?

Maswali hayo ndiyo ninayotaka kuyajibu, kwa kutazama kijiji changu cha Mwankoko na nchi yetu kwa jumla. Hoja yangu ni moja tu. Starehe zetu za zamani zilikuwa za bei ndogo kwa sababu kila moja ilitufikia ikiwa nusu. Nusu ya pili tuliitia wenyewe, kwa midomo yetu, mikono yetu na idadi yetu. Naamini jambo hilo lina maana kwa uamuzi ambao shule yetu inakabiliwa nao, nami nitaueleza mwishoni.

BAO NA CHANDIMU

Kwa wasioijua, Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida, nje kidogo ya mji. Siku hizi inajulikana kwa visima vyake virefu, ambavyo ni miongoni mwa vyanzo vya maji ya mji wa Singida. Katika miaka ya 1980, nilipokuwa mtoto, nilichokijua mimi ni mashamba ya uwele, mtama na alizeti, ng'ombe, upepo na vumbi. Umeme haukuwapo kwetu. Starehe zilifuata kilimo: wakati wa mvua hakuna aliyekuwa na nafasi, na baada ya mavuno, kuanzia Juni, jioni zilirefuka na watu wakaonana.

Wazee walicheza bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Mwanzoni kila mchezaji hupanga kete 10 tu upande wake: 6 katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Nyingine 22 hubaki mkononi, naye huziingiza mojamoja. Hicho ndicho kipindi cha kunamua, na hapo ndipo fundi hutambulikana. Kete za mkononi zikiisha, mchezo hugeuka na kuwa wa mtaji. Mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alikwenda Zanzibar katika miaka ya 1990 kuwasoma mabingwa wa bao kama wengine wanavyowasoma mabingwa wa sataranji, kwa kuwa hesabu wanazofanya kichwani, tena kwa haraka, si za kawaida. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, na taifa zima lilijua hivyo.

Bao halihitaji fedha. Mashimo huchimbwa ardhini na kokoto zikatumika badala ya kete. Lakini kila aliyeketi chini ya mti kijijini anajua kwamba wachezaji ni wawili na wanaocheza ni kumi. Kuna anayehesabu kwa sauti, kuna anayecheka kabla ya wakati, kuna mzee anayeguna tu, na mguno wake unamfanya mchezaji arudishe mkono. Ukiwaondoa hao waliosimama, bao limebaki kokoto. Na kijana aliyetaka kujifunza hakufundishwa na mtu. Alisimama nyuma ya babu yake mwaka mzima, akaletewa maneno, akatumwa maji, na siku moja akaambiwa: "Haya mjukuu wangu, keti."

Sisi wadogo tulicheza chandimu. Mpira ulikuwa wa matambara, na baadaye wa mifuko ya plastiki. Mifuko ile kila mtu aliiita "rambo", kwa jina la yule askari wa sinema. Tuliikusanya, tukaishindilia mmoja ndani ya mwingine, tukaifunga kwa kamba za katani au mipira ya matairi ya baiskeli hadi ukadunda. Kila mtoto alileta rambo moja au mbili, na aliyeleta alikuwa na haki ya kucheza hata kama miguu yake ilikuwa mizito. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, tena kwa sababu nzuri, maana iliua mifugo na kuziba mifereji. Naitaja kwa sababu mpira ule ulikuwa mali ya kikundi. Hakuna aliyeweza kukasirika akaondoka nao nyumbani, kwa kuwa kila fundo lilikuwa la mtu mwingine.

Singida United ilipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2017/18, na mwaka 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho ambako ilifungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2, watu wazima tulijaza viwanja na vibanda vya televisheni kama watoto. Wengi wetu mpira wa kwanza tuliupiga ukiwa rambo.

Na dada zetu? Haki inataka waandikwe. Walicheza rede, mdako na kombolela, lakini walicheza kwa kuiba muda. Mvulana aliporudi na ng'ombe jioni alikuwa amemaliza siku yake. Msichana alikuwa na ndoo, kuni na mdogo wake mgongoni. Rede nyingi nilizoziona utotoni zilichezwa karibu na kisima, foleni ya maji ikisubiriwa. Tukisema starehe za zamani zilikuwa za wote, tukumbuke kwamba wavulana tulikuwa na saa nzima na wasichana walikuwa na robo saa. Kisima kinapokuwa karibu na nyumba, msichana amepewa maji na muda pia.

REDIO MOJA, MASIKIO MENGI

Utangazaji nchini ulianza mwaka 1951 kwa kituo cha Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali ikaligeuza kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sote tuliiita RTD. Kwa karibu miaka thelathini, Bara haikuwa na redio nyingine ya nyumbani. Redio One ilipoanza mwaka 1994, mwaka uleule ilipoanza televisheni ya ITV, ndipo tulipojua kwamba mtu anaweza kuchagua.

Serikali iliitumia redio kufundisha, na iliitumia vizuri. Mwaka 1971, katika kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru, iliendeshwa kampeni iliyoitwa "Wakati wa Furaha". Mwaka 1973 ikaja "Mtu ni Afya", ambayo watu wapatao milioni 2 waliisikiliza katika vikundi vya kujifunza, kila kikundi kikiwa na kiongozi wake na redio yake. Baada ya kipindi walijadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Hiyo ilikuwa pia miaka ya Operesheni Vijiji, iliyoendeshwa hasa kati ya 1973 na 1976, watu waliokuwa wakiishi mbalimbali walipokusanywa kuwa majirani, wengine bila kupenda.

Wazee wa kwetu wamenisimulia kwamba walikwenda kusikiliza habari za mbu na minyoo, na kipindi kilipokwisha hakuna aliyezima redio. Walibaki kusikiliza muziki. RTD ilikuwa inarekodi bendi zetu: NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na baadaye Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, walikuwako watu vijijini waliomlia ambao hawakupata kuuona hata uso wake.

Serikali ilileta somo, nasi tulibaki kwa dansi. Sisemi hivyo kwa kejeli, kwa maana vyoo navyo vilichimbwa. Lakini betri zilikuwa ghali na haba, hasa katika miaka ya dhiki baada ya Vita vya Kagera vya 1978-79. Mwenye redio hakuwasha kwa ajili yake peke yake. Tulianika betri juani ili zipate nguvu kidogo, na mpira wa Simba na Yanga ulipofika dakika ya 80 zikaanza kufifia. Hapo mmoja alitega sikio na kuwasimulia wengine. Mara nyingi msimulizi huyo aliona mabao mazuri kuliko yale yaliyofungwa.

KITABU KISICHO NA MWISHO

Hapa shuleni, katika miaka ya 1990, tulikuwa na starehe nyingine ambayo walimu waliinyang'anya wakaisoma wenyewe. Nazungumzia riwaya za upelelezi. Elvis Musiba alitoa "Kufa na Kupona" mwaka 1974, na shujaa wake Willy Gamba aliendelea kuwasisimua Watanzania kwa miaka mingi baadaye. Kulikuwa pia na gazeti la "Sani", ambalo katuni zake tulizijua kwa majina kama ndugu zetu.

Nakala ya Willy Gamba iliyokuwa ikizunguka bwenini haikuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Sisi wa kutwa tuliipata kwa zamu ya usiku mmoja mmoja, kwa kibatari. Ukiirudisha asubuhi, ulipaswa kueleza mwisho wake kwa namna unavyoona wewe. Nimesikia miisho saba ya kitabu kimoja, na katika mmoja wao Willy Gamba alipitia stendi ya Singida. Siku nilipoinunua nakala kamili, nikiwa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu, niligundua kwamba mwandishi ni fundi kuliko sisi sote. Hata hivyo Kiswahili changu cha insha nilikipata katika ile miisho saba.

SINEMA

Watu hudhani kwamba sinema ilifika vijijini na video. Ni mapema zaidi. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha jaribio la filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Jaribio hilo, lililoongozwa na Latham na Notcutt kwa msaada wa fedha za Carnegie, lilidumu hadi 1937 na kutengeneza filamu fupi zipatazo 35. Zilihusu kuweka akiba posta, zao la chai, usafi na mengineyo ya aina hiyo. Gari lilizunguka nchi za Afrika Mashariki na ya Kati likionyesha filamu hizo. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilipigwa kwa santuri, au mtu alisimama na kipaza sauti akaeleza kwa lugha ya mahali. Basi tangu mwanzo sinema ya vijijini kwetu ilikuwa na mtu wa pembeni anayeieleza. Mkumbukeni huyo, nitarudi kwake.

Mijini mambo yalikuwa tofauti. Huko sinema ilikuwa biashara, na wenye majumba walikuwa hasa Watanzania wenye asili ya Asia. Zanzibar ilikuwa na Royal tangu 1921. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo na New Chox, na mwaka 1966 ikafunguliwa sinema ya kutazamwa ndani ya magari. Watu waliziona filamu za Kihindi bila kujua Kihindi, na filamu ya "Awara" ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa sana. Baadaye zikaja za kung fu na Bruce Lee. Mwanahistoria wa Kimarekani Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu watazamaji na wafanyabiashara wa sinema katika miji ya Tanzania, anaeleza jinsi watu walivyotoka ukumbini wakaendelea na filamu ileile mabarazani na kazini. Tiketi ilikuwa ya saa tatu, na maneno yalikuwa ya wiki nzima.

Mwaka 1968 Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, ambayo ilikabidhiwa kazi ya kuagiza na kusambaza filamu. Vijijini, magari ya Serikali yaliendelea kuja na kitambaa cheupe na jenereta. Televisheni haikuwapo Bara, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtu wa Mwankoko aliyetaka kuona picha zinazotembea alisubiri gari hilo au alisubiri bahati.

Bahati ilikuja kwa mlango wa uchumi. Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya biashara, na wenye fedha za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Zikaingia baiskeli, vitenge, sabuni, na pia mashine za video. Mashine moja ilitosha kufungua ukumbi. Hapo ndipo majumba makubwa ya sinema yalipoanza kudhoofika na mabanda yakachipua.

Banda la kwetu lilikuja katikati ya miaka ya 1990. Lilikuwa la miti na magunia, lenye jenereta nje, televisheni moja ndani, na mikeka. Kiingilio kilikuwa shilingi 50. Asiyekuwa nazo alileta yai, na mayai kwetu hayakuwa haba. Mwenye banda hakuwa mtu wa maneno, lakini alikuwa na kijana wa kutafsiri, aliyewahi kuishi Dar es Salaam. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, ila Kiswahili na Kinyaturu alikuwa navyo vya kutosha. Rambo alipokuwa akikimbia porini, tuliambiwa anamtafuta ng'ombe wa mahari. Adui mkuu, katika karibu kila filamu, alikuwa mtoza kodi ya maendeleo. Ukumbi ulipiga makofi kila alipoanguka. Kodi hiyo, iliyokuwa ikitozwa kwa kichwa na kuwakimbiza watu wazima maporini, ilikuja kufutwa mwaka 2003. Nadhani banda letu liliifuta mapema zaidi.

Baadaye nilipofika Dar es Salaam nilikuta kazi ile imekuwa fani. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili kwa sauti yake, na kanda zake zikasambaa mikoani. Alieleza, alionya, alicheka, aliongeza yake. Wasomi walibishana kama hiyo ni tafsiri. Sisi wa Mwankoko hatukuwa na shaka. Alikuwa mtu yuleyule wa pembeni aliyesimama karibu na gari la mwaka 1935, ila safari hii hakuna aliyemwandikia la kusema.

Banda lilikuwa na ubaya wake, na wazazi hawakukosea kulalamika. Filamu nyingine hazikufaa kwa watoto. Wapo waliokwepa shule, na wasichana hawakukaribishwa, aliyeingia alisemwa. Lakini lilikuwa pia mahali ambapo mtoto wa mwalimu, mchunga ng'ombe na kuli wa sokoni walikaa mkeka mmoja na kubishana juu ya jambo moja.

VITAFUNIO

Hakuna starehe isiyo na cha kutafuna. Karanga zilipimwa kwa kifuniko na kufungwa katika karatasi ya daftari la zamani, na ukimaliza kula ulisoma hesabu za mtu aliyepata sifuri. Kulikuwa na mihogo ya kukaanga na kachumbari ya vitunguu vya kwetu, maandazi, vitumbua, ubuyu, miwa, na mahindi ya kuchoma msimu wake ulipofika. Chipsi mayai zilikuwa za stendi mjini, na aliyekula alirudi darasani akiwa na harufu ya ushahidi. Kuku wa Singida, ambaye sifa zake zinajulikana hadi Dar es Salaam, alikuwa wa mgeni na wa sikukuu. Sisi tulimfuga, wengine walimla.

Nyuma ya kila sinia palikuwa na mama. Tunawaita mama ntilie, jina ambalo limetoka katika kauli ya mteja mwenyewe: "Mama, nitilie." Historia yao si nyepesi. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 sukari, unga wa ngano na mafuta vilikuwa vya foleni, na andazi likawa habari. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvukazi, na mijini wauzaji wadogo wasio na vibali walikamatwa na kurudishwa vijijini kana kwamba hawana kazi, wakati wao ndio waliokuwa wakiwalisha wenye kazi. Mishahara ilikuwa haitoshi, na sinia la mama ndilo lililowasomesha wengi. Najua humu ndani wamo wakurugenzi, madaktari na wanajeshi ambao ada yao ilitokana na vitumbua. Mimi yangu ilitokana na pombe ya mtama na alizeti, lakini viatu vyangu vya kidato cha kwanza, mwaka 1995, vilitokana na mihogo ya shangazi yangu.

Hapa pia nusu ilikuwa ni watu. Andazi moja liligawanywa vipande vinne kwa sheria kali: anayekata huchagua wa mwisho. Sijasoma katika chuo chochote sheria ya ugawaji iliyo bora kuliko hiyo. Na aliyekuwa hana senti mama alimwandika kwa mkaa ukutani, akamwambia, "Mwanangu, utalipa ukipata." Wengi walilipa. Wengine, natumaini, wanasoma ukurasa huu na wanajua nyumba ilipo.

YA LEO, NA OMBI LANGU

Sasa niseme linalonisukuma kuandika. Nimezungumza na wanafunzi wa sasa, nao wameniambia kwamba saa ya michezo ya jioni imemezwa na masomo ya ziada, na kwamba wapo wanaopendekeza uwanja wa chini ujengwe, kwa kuwa "hauna matumizi". Katika mkutano wetu tutaombwa kuchangia. Walimu wanasukumwa na matokeo, na wazazi wanataka daraja la kwanza, siwalaumu. Mimi pia nina mtoto sekondari.

Lakini tusidanganyane kwamba saa ile ikifutwa starehe zitakwisha. Zitahamia kwenye simu. Simu ina filamu zote, nyimbo zote na mpira wote wa dunia, na hilo ni jambo kubwa. Laiti tungekuwa nayo, tungejua jinsi kitabu kinavyokwisha. Tofauti ni kwamba simu inaleta starehe nzima. Haihitaji mtu wa kutafsiri, wala wa kuchangia rambo, wala wa kukata andazi. Kijana anaweza kucheka usiku kucha bila mwenzake wa kitanda cha pili kujua alichekea nini.

Pia kuna kamari ya mpira, ambayo vijana huiita kubeti. Michezo ya kubahatisha ina sheria yake ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Lakini ninyi mnajua kinachofanyika. Tulipolipa shilingi 50 bandani tulijua tunanunua nini, na tuliipata. Anayebeti shilingi 500 ananunua matumaini, na kesho atayanunua tena. Hata goli lenyewe halifurahii. Anatazama saa na karatasi yake. Starehe ya namna hiyo ni rahisi mlangoni na ghali ndani.

Kwa hiyo natoa ombi, si kwa wema wa zamani, maana zamani ilikuwa na njaa, foleni na wasichana wasioruhusiwa kukaa. Natoa kwa sababu ya faida. Saa ya jioni irudishwe, iwe ya wavulana na wasichana sawasawa. Uwanja wa chini ubaki uwanja. Katika michango yetu, zaidi ya madawati, tununue mipira, mbao kumi za bao na vitabu vya hadithi vyenye kurasa zote. Mara moja kwa mwezi pawe na filamu katika bwalo, na baada ya filamu taa ziwashwe, watu wabaki wabishane. Gharama ya yote hayo ni ndogo. Nimeipiga hesabu na nitaileta mkutanoni.

Baadhi yetu watauliza: michezo inaongeza alama ngapi? Siwezi kutaja. Naweza kutaja ninachokiona ofisini. Nimefanya kazi na vijana wenye vyeti vizuri kuliko changu ambao hawawezi kukaa kikao kimoja na mtu wasiyekubaliana naye. Kubishana bila kugombana, kushindwa ukabaki, kungoja zamu, kugawa kidogo kilichopo: hayo hatukuyapata kwenye kitabu chochote cha kiada. Tuliyapata pale tulipokuwa tumesimama nyuma ya wazee, tukisubiri kuambiwa tuketi.

Nanyi wanafunzi, msingoje mkutano wetu. Bao linaanza kwa mashimo na kokoto, na uwanja bado upo. Chimbeni.